Kliki hewa: kwa nini hela ya matangazo inaonekana leo, mwisho wa mwezi imepungua



Tangu mwezi uliopita kuna swali limejirudia kwenye inboksi kuliko mengine yote. Linakuja kwa sura tofauti lakini ni lile lile: "Kaka, AdSense ilikuwa inanionyesha dola 131. Mwezi umeisha wamekata 40 na ushee, wameandika trafiki batili. Hiyo ni nini, na nani kanifanyia?" Wengine hawakukatwa, wamefungiwa akaunti kabisa, na barua ya PIN waliyoisubiri posta ndiyo kumbukumbu pekee waliyobaki nayo.

Kuna watakaosema ukurasa huu ni wa kuuza bidhaa, matangazo ya Google yanatuhusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu wengi wenu siku hizi hamuuzi tu. Anayeuza vitambaa ana blogu ya mishono. Anayeuza viungo ana chaneli ya mapishi YouTube. Anayeuza miche ya parachichi ana tovuti ya kilimo. Duka linaleta oda, na yale maudhui yanaleta hela kidogo ya matangazo inayolipa bando, na ikikaa vizuri inasaidia kodi ya fremu. Hela hiyo ndiyo inayoyeyuka, na mara nyingi mwenyewe hajui ilivyoyeyuka.

Tuanzie kwenye hela yenyewe, maana ukishajua inatoka mfukoni mwa nani utaelewa kwa nini inarudishwa.

Chukua muuza magodoro wa Mwanza. Kaweka shilingi 50,000 Google ili atangaziwe. Tangazo lake limetokea kwenye blogu yako ya mapishi, msomaji wako kalibonyeza, muuza magodoro kakatwa, tuseme, shilingi 200. Google inabaki na fungu lake, wewe unapata lako. Kwa AdSense ya kwenye tovuti, mwenye tovuti hupata karibu asilimia 68 ya kilicholipwa. Kwa video ndefu za YouTube ni asilimia 55. Google haina hela ya kwake inayokugawia hapo. Ile ni hela ya mfanyabiashara mwenzako, mtu kama wewe, ambaye huenda kaikopa kwenye kikoba.

Yule wa magodoro alilipia mtu. Mtu anayeweza kulala kwenye godoro. Ukimwambia mdogo wako abonyeze tangazo lile mara 30, umemla shilingi 6,000 na hakuna hata mto uliouzika. Ni sawa na mtu kukuagiza mzigo Mbagala, umemlipa bodaboda, kafika hakuna mteja, kumbe aliyeagiza alitaka tu bodaboda rafiki yake apate nauli. Ungefanyaje? Ungedai nauli yako. Muuza magodoro naye anadai, na Google ikijiridhisha kwamba kliki hazikuwa za kweli inamrudishia pale inapowezekana, na kwako inakata.

Ndiyo maana mimi naziita kliki hewa. Wafanyakazi hewa tunawajua: jina lipo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Hapa kliki ipo kwenye ripoti, mteja hayupo.

Kuna jambo moja limebadilika na wengi halijawafikia. Tangu mwanzoni mwa 2024 AdSense ya kwenye tovuti inamlipa mwenye tovuti zaidi kwa kuhesabu tangazo limeonyeshwa mara ngapi, badala ya kuhesabu kliki. Nimeona watu wakishangilia, eti sasa hamna haja ya kubonyeza, unafungua tu ukurasa na kuufunga, kuufungua na kuufunga. Hiyo nayo ni hewa. Tangazo lililoonyeshwa kwa mtu asiyekuwepo halina tofauti na kliki ya mtu asiyekuwepo.

Sasa, si kila hewa ni wizi. Kuna roboti za kawaida za mtandao, kama ile ya Google inayopita kwenye tovuti kusoma kilichoandikwa ili watu wakitafuta waipate. Zile zinajitambulisha zinapopita na zinaondolewa kwenye hesabu mapema, hazina shida. Kuna kidole kuteleza: simu ndogo, bodaboda inarukaruka, mtu alitaka kusoma vipimo vya sukari akajikuta kwenye tovuti ya bima. Hizo zipo kwa kila mtu. Hata wewe ukibonyeza tangazo lako mara moja kwa bahati mbaya, usikeshe unalia. Shida ni mazoea, na mazoea ambayo nayaona kwa wauzaji wetu ni mawili.

La kwanza ni yale magrupu ya "nibonyezee nikubonyezee." Mnayajua. Watu 200 WhatsApp au Telegram, asubuhi kila mmoja anaweka linki yake, sheria zimebandikwa juu: kaa dakika mbili, fungua ukurasa wa pili, bonyeza tangazo moja, tuma skrinishoti. Asiyefanya anatolewa. Linafanana kabisa na upatu, na ndiyo maana watu wenye akili zao wanaingia. Lakini kwenye upatu hela inayozunguka ni ya wanachama wenyewe. Kwenye grupu lile hela ni ya muuza magodoro, na yeye hayumo kwenye grupu.

Halafu fikiria linavyoonekana kutoka upande wa pili. Simu 200 zile zile, kila siku, zinahama pamoja kutoka blogu ya mishono kwenda tovuti ya kilimo kwenda ukurasa wa tetesi za soka. Kila mahali zinabonyeza tangazo, na zikishafika kwa mwenye tangazo zinatoka palepale. Hazijazi fomu, hazipigi simu, hazinunui. Wenye matangazo wengi wamefunga kipimo kwenye tovuti zao kinachoonyesha mteja alifanya nini baada ya kufika, kwa hiyo Google inaona kichwa na mkia. Blogu ambayo siku zote kati ya wasomaji 100 mmoja ndiye hubonyeza, ghafla inabonyezwa na 15, na hakuna hata mmoja aliyenunua pini. Hapo hahitajiki mpelelezi.

Kwenye magrupu hayo wanafundishana kuzima data na kuiwasha ili anwani ya IP ibadilike. Ni maarifa ya bure yasiyo na faida. Kwenye mitandao ya simu wateja wengi hutoka nje kwa IP moja kwa wakati mmoja, na IP hiyo hubadilika badilika yenyewe. Google hata ingetaka isingeweza kutegemea IP peke yake. Inatazama mwenendo mzima: kifaa, muda, njia mtu aliyopitia, na alichofanya mbele ya safari.

Na wapo wanaofanya jambo hili hili bila kujua. Dada anauza madera, anatoa zawadi: "Tembelea blogu yangu, bonyeza chochote utakachokiona, tuma skrinishoti, ushinde dera." Nia yake ni nzuri, anataka watu waijue blogu. Lakini "chochote" kina matangazo ndani yake, na kumpa mtu zawadi ili abonyeze au atazame matangazo kunakatazwa waziwazi kwenye masharti ya AdSense. Vivyo hivyo kuandika "nisaidieni, bonyezeni tangazo hapo chini." Zawadi toa kwa aliyenunua, au kwa aliyeleta mteja. Shindano liendeshe Instagram au mahali pengine pasipo na matangazo yanayokulipa.

Mazoea ya pili ni kununua wageni. Unaona tangazo: wageni 10,000 wa uhakika, dola 5. Piga hesabu kama unavyopiga ya nyanya. Senti moja ya dola inanunua watu ishirini. Wewe uliyewahi kulipia posti ya duka lako Facebook unajua mtu mmoja halisi kumfikisha kwenye ukurasa kunagharimu kiasi gani. Nani anaweza kukuletea watu ishirini, wazima, wenye macho, kwa senti moja? Hakuna. Anayekuuzia anakuletea programu zinazofungua kurasa, au simu zilizopangwa mezani hazina wenyewe. Mwaka 2017 polisi wa Thailand, karibu na mpaka wa Kambodia, walivamia nyumba wakakuta mamia ya simu za iPhone zimefungwa kwenye rafu na laini za simu zaidi ya 300,000. Kazi yake ilikuwa kupandisha namba za bidhaa mtandaoni, ili zionekane zinapendwa. Wanaonunua like za kurasa zao za biashara nao waitafakari rafu hiyo.

Wakubwa wa kazi hii wamefika mbali kuliko grupu lolote la Telegram. Mwisho wa 2016 kampuni ya usalama wa mtandao ya White Ops ilifichua mtambo ulioitwa Methbot. Mrusi mmoja, Aleksandr Zhukov, na wenzake walikodi seva karibu 2,000 kwenye vituo vya data, Dallas kule Texas na kwingineko, wakakodi na anwani za IP zaidi ya 650,000 na kuzifanya zionekane ni za nyumba za watu. Programu zao zilijifanya binadamu: zinashusha ukurasa taratibu, zinasogeza mshale, zinaanzisha video na kuisimamisha, zinajifanya zimeingia Facebook. Walivuna zaidi ya dola milioni 7. Zhukov alikamatwa Bulgaria mwaka 2018, akapelekwa Marekani, na Novemba 2021 mahakama ya Brooklyn ikamhukumu miaka 10 jela. Huyo alikuwa amefundisha mashine kusogeza mshale kama mtu na bado akajulikana. Grupu la skrinishoti litajificha wapi?

Kisa cha Methbot kina upande mwingine unaotugusa sisi wadogo. Wale hawakuwa na tovuti za maana. Walitengeneza kurasa bandia zinazojitaja kwa majina ya tovuti za watu wengine, maelfu ya tovuti zenye heshima, na mwenye tangazo akalipa akidhani yuko huko. Mwaka 2017 ikatoka dawa yake: faili dogo linaloitwa ads.txt. Ni orodha ya maandishi unayoiweka kwenye tovuti yako ikisema nani wanaruhusiwa kuuza nafasi zako za matangazo. Mtu akijifanya wewe, anayenunua anaangalia orodha, jina halipo, anaachana naye. Kwa AdSense ni mstari mmoja tu wenye namba yako, unaukuta kwenye akaunti yako. Walioko Blogger wanauweka kupitia mipangilio ya blogu, walioko WordPress zipo programu-jalizi za kazi hiyo. Ile onyo nyekundu ya ads.txt mnayoiona mkifungua AdSense na kuipita kama mchango wa harusi, itatueni leo. Ni dakika kumi.

Turudi kwa yule wa dola 131. Namba unazoziona kila siku kwenye AdSense ni makadirio. Mwezi ukiisha wanazichuja, na siku za mwanzo za mwezi unaofuata unapata namba kamili. Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26, ilimradi umefikisha dola 100. Sasa ona: 131 ukitoa 42 ni 89. Hajafika 100, halipwi mwezi huo, inabebwa kwenda mwezi ujao. Kwa mwenye tovuti kubwa makato ni usumbufu. Kwa mdogo ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa, wakati mwenye fremu hajui makadirio ni nini. Ushauri wangu ni usiipangie matumizi hela ya AdSense kabla haijawa namba kamili, na hata ikishakuwa kamili jua kwamba wanaweza kukata baadaye wakigundua jambo.

Na "nani kanifanyia?" Google haitakuambia kliki ipi ilikuwa batili, wala ilitoka kwa nani. Wanasema wakieleza sana watawafundisha wezi. Inaudhi, lakini nawaelewa. Kwa hiyo uchunguzi ni wako, na vifaa unavyo bure.

Fungua Google Analytics uangalie mambo matatu: watu wametoka miji gani, wamepitia wapi kufika, na wamekaa muda gani. Blogu ya Kiswahili ya mishono ukiikuta ina wageni 900 kutoka Ashburn, simama hapo. Ashburn ni mji wa Virginia, Marekani, uliojaa vituo vya data. Nani kule anasoma jinsi ya kukata shingo ya dera, saa tisa usiku, kwa sekunde sifuri? Waswahili wapo Marekani, wapo Oman, na wanasoma sana kurasa zetu. Lakini mtu wa kweli anakaa, anashuka chini, anafungua picha ya pili, wengine wanakuuliza kama unasafirisha. Wageni 900 wa sekunde sifuri ni seva.

Ukiona kitu kama hicho, ondoa matangazo kwenye ukurasa unaoshambuliwa kwa siku chache na uandike tarehe. Kisha nenda kituo cha msaada cha AdSense, kuna fomu ya kuripoti kliki zinazotia shaka. Ijaze hata kama hawatakujibu, ili ibaki kumbukumbu kwamba ulisema mapema. Na uwe na daftari. Lile lile la mauzo, geuza upande wa nyuma: tarehe fulani nimelipia posti Facebook, tarehe fulani mtu maarufu kaweka linki yangu, tarehe fulani nimehamisha tangazo juu. Miezi mitatu baadaye ukiulizwa kwa nini wageni waliruka siku ile, kichwa hakitakumbuka, daftari litakumbuka.

Kulipia posti Facebook ili watu waje kwenye blogu si dhambi, mradi ni watu. Masharti yanasema wewe ndiye unayewajibika kwa wageni uliowaleta, kwa hiyo ukimpa kijana kazi ya "kupromoti," muulize anawatoa wapi. Akijibu "we niachie mimi," usimwachie.

Kingine, na hiki nakiona karibu kila tovuti ya muuzaji ninayoifungua: kile kitufe cha kijani cha WhatsApp kinachoelea chini kulia. Tangazo la chini nalo linaelea pale pale. Mteja anataka kuweka oda, kidole kinaangukia tangazo. Umepoteza oda, muuza magodoro kapoteza shilingi 200, na wewe umeingiziwa kliki ya bahati mbaya, siku nzima, kila siku. Zikizidi zinaonekana kama mtego uliouweka makusudi. Panda kitufe juu au zima tangazo la chini. Hivyo hivyo usibandike tangazo katikati ya picha za bidhaa likafanana nazo, wala karibu na neno "pakua." Chukua simu ya bei ya chini, ya skrini ndogo, uifungue tovuti yako kwa dole gumba moja. Utaona mwenyewe kidole kinapotelezea.

Nyumbani na dukani, waambie mapema. Vijana wa dukani, watoto, shemeji mwenye huruma anayebonyeza ili "akuongezee." Wote mko waifai moja, simu zile zile, kila siku. Wa kwanza kumwambia ni mama mzazi, maana yeye hubonyeza kwa upendo.

Kwa mliofungiwa tayari, soma kwanza ile barua pepe, kwani kuna aina mbili. Kusimamishwa kwa muda, mara nyingi siku 30, kisha matangazo yanarudi yenyewe. Na kufungwa moja kwa moja, ambapo njia ni rufaa kupitia fomu yao. Kwenye rufaa usiandike "nina watoto wanne nihurumieni." Andika wageni wako hutoka wapi, tarehe gani uliona mabadiliko, ulifanya nini, na umerekebisha nini. Kama ulikuwa kwenye grupu, sema, na sema umetoka. Hapo ndipo daftari linapolipa.

Usifungue akaunti nyingine kwa jina la mume au dada ili kurudi kwa mlango wa nyuma. Aliyefungiwa kwa trafiki batili haruhusiwi kufungua nyingine, na ukigundulika unamwunguza na mwenzio. Wale wanaouza "AdSense zilizokwisha kubaliwa" kwa shilingi laki na kitu wanakuuzia akaunti ya jina la mtu mwingine, na siku ikifikisha dola 100 hela inaweza kwenda benki ya mtu mwingine.

Mama mmoja wa viungo, aliposimamishwa siku 30, alikuwa na nafasi tatu tupu kwenye blogu yake pale matangazo yalipokuwa. Akaweka picha ya pilau masala yake, bei, na namba ya kuagizia. Matangazo yaliporudi alizirudishia Google nafasi mbili. Ya tatu, ile ya chini ya mapishi ya biriani, bado ina picha ya masala, kwa sababu oda za hapo zilimpa zaidi ya tangazo lililokuwepo.